Uzito wa Nyuma

Breki ya mkokoteni ni kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa misumari chini ya mkia wake, basi. Hakuna waya, hakuna pedali, hakuna mafuta. Ukitaka kupunguza mwendo unainua ile mikono ya mbao mbele, mkia unashuka nyuma, mpira unasugua lami, na kelele yake inawafanya watu wa kando ya barabara wakunje uso. Ukitaka kwenda, unashusha mikono. Mtoto wa chekechea anaelewa. Lakini pale Kambi Muru, mtaani Kibera, kuna watu wazima, wenye ndevu na wajukuu, ambao wamebishana juu ya kipande hicho cha tairi miaka nenda miaka rudi, na mmoja wao alikuwa Obiero.

Obiero alikuwa na haki ya kubishana. Mwaka uliopita, siku ya mvua, mkokoteni ulimshinda kwenye mteremko wa Silanga. Vyombo vya Everlyne, mama wa mitumba aliyekuwa akihama nyumba, viliishia mtaroni: televisheni, kioo cha kujitazamia, sahani, vyote. Kibera ilisikia kabla ya saa sita mchana, na kufikia jioni Obiero alikuwa ameshapewa jina jipya. Nawe unajua Kibera, ukipewa jina umepewa. Teleza. Watoto Teleza, wazee Teleza, hata pasta wa kanisa lake ulimi ulimponyoka Jumapili moja akamwita Ndugu Teleza mbele ya washirika wote. Tangu hapo hakuna aliyempa mzigo wa kuvunjika. Alibeba makaa, alibeba mitungi ya maji, alibeba vyuma chakavu. Aliyekuwa na kikombe cha glasi alipita mkokoteni wake kama hajauona.

Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema. Kazi ya mkokoteni aliifanya miaka ishirini na mbili, na kazi hiyo haina cheti cha ukutani. Cheti chako ni watu kukuachia vitu vyao wanavyovipenda. Alimwambia mkewe Akoth kwamba kikivunjika kitu cha pili, atauuza mkokoteni huo kwa wanunua mbao na kurudi kwao ziwani akalime mihogo ya kaka yake. Akoth alimjibu kuwa mihogo haimjui wala yeye haijui, ale ugali wake alale. Lakini alijua mumewe hakuwa anatania.

Baada ya Silanga, Obiero alikata shauri kwamba kosa lilikuwa la mpira mwembamba. Akatafuta tairi la lori, akakata vipande viwili, akavipigilia sambamba hadi mkia wa mkokoteni ukawa umevaa mpira kutoka pembe hadi pembe. Rafiki yake Khamala, anayemsaidia kusukuma, alipiga magoti akauchungulia akatoa hukumu: mpira ukiwa mara mbili, unashika mara mbili. Stejini pale wote waliafiki. Waliafiki kwa sauti moja, wakiwa wamekosea kwa sauti moja, na hilo ndilo tatizo la kuafikiana.

Basi mwezi wa kumi na moja, Bibi Hanan akatuma aitwe Obiero.

Bibi Hanan ni Mnubi wa Kibera hasa, wa babu na babu, mama mwenye mwili wa kutosha na sauti ya kuuzidi mwili. Mjukuu wake Mabruka alikuwa ameolewa na Mahdi wa Kabiro, kule Kawangware, na vitu vya bi arusi vilikuwa vikipelekwa. Nguo na godoro zilikwishatangulia kwa pikapu. Lililobaki lilikuwa kabati. Kabati la mninga, milango ya kioo, ndani vikombe na sahani za kaure ambazo mama yake Bibi Hanan aliletewa akiwa bi arusi. Kabati hilo halijawahi kupanda gari, alisema Bibi Hanan, na halitapanda sasa. Pikapu zinaruka mashimo kama mbuzi. Litakwenda kwa mkokoteni polepole kama lilivyokuja, na mkokoteni wenyewe ni wa Obiero.

Majirani walimshangaa. Walimkumbusha Silanga, wakamkumbusha televisheni ya Everlyne, mmoja akajitolea kumtafutia mtu mwingine saa hiyo hiyo. Bibi Hanan aliwajibu kwamba ana sababu zake, na kama wana kazi nyumbani waende wakaifanye.

Obiero hakulala vizuri, ila kwa furaha. Asubuhi alifika na mablanketi ya kuazima na mkokoteni aliouosha kwa sabuni. Kufunga, Bibi Hanan hakumwachia mtu. Alilisimamisha kabati mbele, karibu na mikono, alione vizuri, akalivisha mablanketi, akazungusha kamba mwenyewe huku akisoma dua, kila fundo na dua yake. Kisha akatangaza kwamba mama yake alilifunga vivyo hivyo, na mafundo hayo hayafunguliwi mpaka kabati liwe ndani ya nyumba ya Mabruka. Njiani hayaguswi. Nani amesikia? Wote walisikia.

Sasa, hapo ndipo Obiero alipokosea, na alijua anakosea. Kila mtu wa mkokoteni anajua sheria ya mlima: kupanda, mzigo mbele, kushuka, mzigo nyuma. Ukipanda na mzigo uko nyuma, mkokoteni unakunyanyua juu unaning'inia kama nguo kwenye kamba. Ukishuka na mzigo uko mbele, uzito wote unaingia mikononi mwako, huwezi kuinua, na usipoinua huna breki. Kwa hiyo ukifika kileleni unasimama, unafungua kamba, unasogeza mzigo, ndipo unashuka. Na Kabiro, kabla ya nyumba ya kina Mahdi, kuna mteremko. Ilikuwa lazima aseme. Lakini alimtazama Bibi Hanan akiwa ameshika fundo la mwisho, macho amefumba, akaogopa kwamba akisema atapewa mtu mwingine kazi. Akajiambia mpira ni mpana, utashika. Akanyamaza.

Khamala naye akaleta lake. Alimwambia Bibi Hanan apande juu wampeleke naye, nafasi ipo nyuma. Bibi Hanan alimtazama kuanzia kofia hadi sandali akamwambia yeye si gunia la kabichi. Akaita bodaboda, akajifunga leso vizuri, akamwamuru dereva afuate nyuma mwendo wa kaburini.

Safari ilikuwa nzuri, nisikufiche. Walipanda hadi Kibera Drive, wakaingia Ngong Road, mawingu yakiwa yametanda na jua bila makali. Obiero alivuta kwa hatua ndefu, Khamala akisukuma na kuimba wimbo mmoja ule ule wa Kiluhya wenye maneno manne. Kila kona Bibi Hanan aliwapita kwa pikipiki, akawangoja chini ya mwavuli wake, akagusa blanketi, akatikisa kichwa kuridhika. Pale Dagoretti Corner aliwanunulia mahindi ya kuchoma. Obiero alihisi kitu alichokuwa amekisahau: kutazamwa na watu wa njiani kama mtu aliyebeba kitu cha maana. Kabati lilikuwa halijatoa hata mlio.

Walipoingia Naivasha Road mvua ikanyesha. Haikuwa kubwa, ni ile ya robo saa inayolowesha na kuondoka. Ilipokatika walikuwa wamefika Kabiro, juu ya mteremko.

Mteremko ule ulikuwa umewekwa kabro mpya, yale matofali ya barabarani, laini, na malori ya wajenzi yalikuwa yameuburuzia tope jembamba kutoka juu hadi chini. Mvua ikaja ikalipaka vizuri. Chini kabisa ulionekana mto, na kabla ya mto, geti la buluu la kina Mahdi, wanawake wamesimama nje na leso zao wakingoja. Bodaboda alitazama chini, akatazama Bibi Hanan, akamwambia kwa heshima zote kwamba yeye hashuki hapo hata kwa dawa. Bibi Hanan akateremka.

Obiero alitema mate mikononi akaanza. Alienda hatua mbili. Hatua ya tatu kabati likamwelemea, mikono ikamshukia mpaka magotini. Akajaribu kuinua, haikuinuka. Akamwita Khamala, naye akarukia mkia akaning'inia. Khamala ni mwembamba, ukimpima na viatu vyake bado hajafika gunia. Mkia ulishuka kidogo, ule mpira mpana ukagusa kabro kutoka pembe hadi pembe, na ukateleza. Haukutoa hata kelele. Uliteleza kama sabuni kwenye karai, mkokoteni ukaenda urefu wa kitanda, kisha wa pili, Obiero visigino vikikwaruza tope, kabla hajafaulu kuupinda hadi gurudumu likagonga ukingo wa barabara. Khamala akatupa jiwe chini ya tairi. Ndani ya mablanketi kaure ikalia mara moja, ting, ikanyamaza.

Obiero alibaki ameing'ang'ania mikono ya mkokoteni. Aliiona Silanga mbele yake waziwazi. Aliona aibu, akaona na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe, kwa sababu asubuhi alikuwa na mdomo na hakuutumia. Bibi Hanan alipofika, akishika ukuta kwa mkono mmoja, alimweleza yote bila kuficha: sheria ya mlima, kwamba kabati lilitakiwa kusogezwa nyuma, kwamba alijua tangu Kambi Muru na aliogopa kunyang'anywa kazi. Kamba zikifunguliwa, atashuka. Zisipofunguliwa, hawezi.

Bibi Hanan alisema kamba hazifunguliwi.

"Basi Bibi, tafuta mtu mwingine," Obiero akasema. "Nitakaa hapa niushikilie mpaka afike. Lakini mimi sitavunja kabati lako."

Maneno hayo yalimtoka polepole, na kila moja lilimgharimu, maana alijua jioni Kibera itakuwa nayo. Khamala aliangalia pembeni. Bibi Hanan alizunguka mkokoteni, akainama kadiri mwili ulivyomruhusu, akautazama ule mpira. Akavua kandambili moja, akaisugua kwenye kabro iliyolowa, mara ikaenda huku, mara kule, bila kushika chochote. Akauliza huu mpira mpana hivi ni wa nini. Obiero akamweleza: ukiwa mpana unashika zaidi.

"Umeshika?" akauliza Bibi Hanan.

Haukuwa umeshika.

"Sufuria ikiungua, unaisugua kwa kitambaa kikubwa? Unaweza kuleta shuka zima. Bila mkono mzito, na bila mchanga, utakuwa unaipapasa tu. Sasa hapa mchanga hakuna na mkono mzito hakuna. Mnapapasa barabara."

Wanaume wawili wenye miaka arobaini ya mkokoteni baina yao wakatazamana. Sio kwamba hawakuyajua hayo. Waliyajua kwa mgongo na kwa mapaja, lakini hakuna aliyewahi kuwaambia kwa mdomo, na aliyewaambia alikuwa hajashika mkokoteni maisha yake yote. Khamala aliondoka mbio hadi duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa juu pale, kwa mama mmoja aitwaye Wangoi, ambaye alikuwa na lundo la mchanga nje. Wangoi alikuwa amefuatilia kisa chote akiwa kwenye kiti chake, na alikuwa anataka kuona mwisho wake, kwa hiyo alimpa madebe mawili na bakshishi ya ushauri.

Mchanga ukapatikana. Ukabaki mkono mzito.

Watu wa Kabiro ni wakarimu. Fundi mmoja wa mawe mwenye tumbo alijitolea kukaa mkiani, na muuza kuku mmoja naye akasogea. Bibi Hanan aliwashukuru akawakatalia. Vitu vya bi arusi havipandiwi na watu baki. Akae mtu wa nyumbani au asikae mtu. Kisha akatazama mkia wa mkokoteni. Akatazama chini kwenye geti la buluu. Akatazama mkia tena. Khamala, ambaye hajawahi kunyamaza maishani, siku hiyo Mungu alimjalia akanyamaza.

Bibi Hanan akamkabidhi mwavuli.

Obiero alipoelewa, alishtuka kuliko alivyoshtuka mkokoteni ulipoteleza. Kabati ni kitu, lakini huyu ni mtu, na ni bibi wa watu. Alimwambia asifanye hivyo. Alimkumbusha, akiwa ameinamisha kichwa, kwamba yeye ndiye yule Teleza, na kwamba Kambi Muru nzima ilimwambia.

"Kambi Muru nzima iliniambia vitu vilimwagika," Bibi Hanan akasema. "Everlyne mwenyewe aliniambia jambo jingine. Aliniambia mkokoteni ulipokukimbia, mtu yeyote angeachilia mikono akaruka pembeni. Wewe ulikokotwa mpaka chini, magoti yakachunika, na ulipofikiwa ulikuwa bado umeshika. Mimi sikutafuta mtu asiyeteleza, Obiero. Kila mtu huteleza. Nilitafuta mtu asiyeachilia. Haya, nisaidie nipande."

Obiero aliinama. Alijifanya anakagua tairi.

Walimpandisha kwa stuli ya Wangoi. Alikaa mkiani akiwa amelielekezea kabati mgongo, miguu ikining'inia, leso imefungwa kidevuni, mkoba mapajani. Alipotulia, mikono ya mkokoteni ilipanda juu yenyewe, taratibu, mpaka ikamfikia Obiero kifuani. Alikuwa hajaishika sawasawa na tayari ilikuwa nyepesi. Nyuma, mpira ukakaa kwenye kabro, mzito, kama mtu aliyefika kwake.

Khamala alitangulia na debe akimwaga mchanga konzi kwa konzi, mwavuli wa Bibi Hanan kwapani. Jiwe likatolewa. Mkokoteni ukajongea, na Obiero akaisikia ile kelele, ile inayokunjisha watu uso, krrr, mpira na mchanga na jiwe vikisagana, na hakuwahi kusikia kitu kitamu namna hiyo. Akishusha mikono kidogo unakwenda. Akiiinua kidogo unasimama. Aliushusha hatua kwa hatua kama anayemshusha mgonjwa ngazi. Nusu ya njia aligundua kwamba anatabasamu, na hakujua alianza lini.

Watu walitoka kwenye maduka. Simu zilitolewa, bila shaka. Wanawake getini walipomtambua aliyekaa juu ya mkokoteni, kwanza walishika midomo, kisha mmoja akapiga kigelegele na wengine wakamfuata, na Mabruka akatoka mbio bila viatu akicheka na kulia, akiuliza kwa nini hawakumwambia kwamba bibi yake analetwa pamoja na kabati. Bibi Hanan aliteremka kama malkia, akapangusa leso, akamwambia Khamala kwamba akitaja kabichi hata mara moja atajuta.

Kabati liliingizwa ndani, likasimamishwa ukutani. Mafundo yakafunguliwa moja moja, Bibi Hanan akiyahesabu kwa dua zile zile kinyumenyume. Obiero alisimama mlangoni, hakutaka kuingia na tope. Mablanketi yakaanguka. Vioo vilikuwa vizima. Mabruka akafungua milango, akatoa vikombe kimoja kimoja akivipanga mkekani: kimoja, kizima, cha pili, kizima, mpaka cha kumi na moja. Cha kumi na mbili alikitoa polepole, na Obiero akaona hakina mkono. Kilikuwa na vijimeno viwili tu vya kaure pale mkono ulipokuwa.

Alikumbuka ile ting. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake, na kila mmoja alikuwa anakitazama kile kikombe. Alifungua mdomo aombe msamaha, akakosa pa kuanzia, akamtazama Khamala, naye Khamala alikuwa ameshatafuta pa kutazama.

Bibi Hanan alikichukua, akakigeuza kwenye mwanga, akakipuliza vumbi. Akaagiza chai iletwe na gurusa za moto, ile mikate myembamba ya Kinubi. Akaanza kumimina, na cha kwanza kumimina kilikuwa kile kile kisicho na mkono.

"Hiki mkono wake marehemu mzee wangu aliuvunja mwaka tuliooana," akasema. "Wageni wanapewa vizima. Hiki kilikuwa chake miaka yote, na tangu afe hakijanywewa na mtu. Obiero, ingia. Tope litafagiliwa."

Obiero akavua viatu akaingia. Kikombe kilikuwa cha moto na hakina pa kushikia, ikabidi akikumbatie kwa viganja vyote viwili, vile vile vilivyochubuliwa na mikono ya mkokoteni, na vidole vikamwaka moto. Hakukiachilia.